Mursik ya Buluu

Mpaka leo nikikumbuka kile kikombe, mwili unanisisimka. Mursik inajulikana. Ni maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani, na yakimiminwa huwa na ukijivu kidogo. Lakini iliyotoka kwa kibuyu cha mama yangu, siku wageni walipokuja kumposa binti yangu, ilikuwa ya buluu. Buluu, jamani! Buluu ya sweta ya shule. Na mama yangu ameshika kibuyu, anatabasamu.

Wacha nianzie mwanzo, maana bila huo mwanzo mtasema nimetunga.

Nilifundisha jiografia miaka mingi, nikastaafu, nikabaki nyumbani kwangu Kapsoya nikigombana na majirani. Leo ni takataka, kesho ni mbwa wa mtu. Binti yangu alikuwa amemaliza masomo yake ya usanii Nairobi, na siku moja akaniwekea mezani kitabu cha kuchorea chenye karatasi nzito na boksi limejaa vitu: penseli, wino, rangi za maji, kreyoni za mafuta, chaki za rangi, vijiti vya mkaa. Akasema, "Mathe, chukua hivi vitu ucheze navyo. Kila ukurasa jaribu kitu kipya. Angalau mwenyekiti wa estate atapumzika."

Nilimtukana kidogo, halafu nikachukua.

Kumbe nilikuwa na njaa ya hicho kitu na sikujua! Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimechora ramani ubaoni tu, mito na milima, kengele ikilia nafuta. Sasa nilikuwa na karatasi ambayo hakuna mtu angenifutia. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kwa mama yangu Kiplombe, na nikaanza kwenda na kitabu. Mama aliishi peke yake kwa kishamba chake, na ng'ombe mmoja, na jirani mmoja mwanamke aliyekuja kumkamulia. Nilikuwa nakaa kwa mlango wa jikoni nachora, yeye yuko ndani na kuni zake, tunaongea. Nikimaliza ukurasa nampelekea.

Sasa mama yangu hajawahi kumsifu mtu bure. Huyo mwanamke alikuwa anakutazama mpaka unajikagua vifungo. Watu husema macho hayana pazia, na mimi nilikua nikijua huo msemo ulitungwa kwa ajili yake. Kwa hivyo sikutarajia makofi. Lakini alichonifanyia na kile kitabu, woi, kilinikata maini.

Nilianza na penseli. Nilimchora yeye mwenyewe, amekaa kwa kile kigoda chake mlangoni, kitambaa kichwani, vibuyu vimening'inia ukutani nyuma yake. Nilitumia penseli laini, mistari myembamba, na ilitokea vizuri mpaka nikajishangaa. Kila mkunjo wa uso niliuweka mahali pake. Nikampa. Akapangusa mikono kwa leso, akapitisha kiganja juu ya karatasi kutoka juu mpaka chini, polepole, akanirudishia.

"Hapa hakuna mtu," akasema.

Nilienda nyumbani nimefura, nikamwambia binti yangu, "Nyanya yako ni mtu mbaya." Akacheka.

Jumamosi iliyofuata nikaja na rangi za maji. Nikachora shamba la mahindi baada ya mvua, kijani imeingia kwa kijani nyingine, mawingu yamelowa. Mama akagusa karatasi, ikalia kwa vile ilikuwa imejikunja na maji. "Umeimwagia chai?" akaniuliza. "Ianike kwanza." Nilipochora kwa wino, akaniuliza kama nimeanza. Kama nimeanza! Nimekaa hapo tangu asubuhi mpaka miguu imekufa ganzi, ananiuliza kama nimeanza.

Kwa vijiti vya mkaa alikuwa mpole kidogo. Mkaa ulimshika vidole, akavinusa, akasema, "Huu si mti wa huku." Hiyo tu. Lakini siku nilipochora ng'ombe wake kwa kreyoni za mafuta, nikipaka tabaka juu ya tabaka kwa vile sikuwa najua kazi bado, mama alishika ule ukurasa kwa muda mrefu. Vidole vyake vilipita mgongo wa ng'ombe, vikashuka tumboni, vikarudi. "Huyu amenona," akasema. "Huyu umemlisha." Na siku nilipoishiwa na subira nikabandika tu maharagwe, maganda ya mahindi na kipande cha leso kuukuu, kazi ya watoto wa nasari, mama alipiga makofi. "Sasa umejua kuchora!"

Nilijua ananichokoza. Mwalimu mzima, nimechora uso wa binadamu akasema hakuna mtu, nimegundisha maharagwe akapiga makofi. Nikasema moyoni, haya mama, endelea.

Wakati huo maneno ya posa yakawa yameiva. Kijana aliyemchumbia binti yangu ni wa watu wenye duka mjini, asili yao ni upande wa Central, na walikubali kuja kwa mama Kiplombe kwa sababu kwetu mchumba huombwa kwa boma la wazee. Mama alisema jambo moja tu: mursik ataitengeneza yeye. Si mimi, si jirani, si ya kununua. "Siku nitashindwa kuwapa wageni mursik yangu," akasema, "hiyo siku mnichimbie."

Na kazi yenyewe aliijua. Mama huwa anachoma vijiti vya ule mti wetu wa senetwet mapema, anavifunga kwa gazeti, anaviweka kwa rafu juu ya mafiga vikae vikavu. Siku ya kutengeneza anasafisha kibuyu, anaingiza vile vijiti, anavisaga kwa ukuta wa ndani na ufagio wake mwembamba mpaka kibuyu chote kinakuwa cheusi na kunukia. Halafu anatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Halafu anafunga, anaweka gizani, anaacha.

Sasa sikilizeni. Jumamosi kabla ya hiyo kazi nilikuwa Kiplombe, Julai, mvua na baridi ile ya kwetu inayopasua midomo. Nilikuwa najaribu chaki za rangi, na chaki zikipata unyevu huwa zinaharibika. Kwa hivyo nikazifunga zile za buluu na zile nyeusi kwa gazeti, nikaziweka mahali pakavu kuliko pote katika lile boma. Kwa rafu, juu ya mafiga. Mvua ikapungua, nikakimbia kuwahi gari, nikazisahau.

Siku ya wageni ikafika. Watu wakajaa, maombi yakafanywa, wazee wakaulizana habari za ukoo mpaka tukachoka. Mama akaletewa kibuyu chake. Alikuwa amevaa rinda lake la kanisa, na homa ya baridi ilikuwa imemziba pua kabisa wiki nzima, lakini alikataa kukaa. Akatikisa kibuyu, akafungua, akaweka mdomo wa kibuyu kwa ukingo wa kikombe cha kwanza, akamimina.

Buluu ikatoka.

Nyumba ikakauka. Shangazi yangu akashika mdomo. Binti yangu akanitazama macho yamemtoka, na mimi nilikuwa nimetambua ile rangi papo hapo. Ilikuwa chaki yangu, ile ya kwa rafu! Lakini kabla sijainuka, kikombe kilikuwa kimeshapewa mjomba wa kijana, mzee wa heshima aliyetoka huko mbali na hakuwahi kuonja mursik maisha yake yote. Yule mzee alikuwa amefunzwa vizuri: ukienda kwa watu, kunywa unachopewa. Akainua kikombe, akanywa yote, akapangusa masharubu ya buluu.

"Asante, Mama," akasema. "Nilikuwa nimesikia tu sifa."

Haki ya Mungu, siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Lakini nilikuwa namtazama mama. Alikuwa anasubiri. Alikuwa amegeuza uso kwa ule upande wa mzee, lakini macho yake yalikuwa yametua kwa ukuta, karibu na kalenda, na tabasamu lilikuwa linaanza kumwisha kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyesema kitu.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Haijaganda?"

Hapo ndipo ukweli uliponigonga. Mtoto wa chekechea angeona. Vijiti vya buluu mkononi, kibuyu cha buluu mdomoni, kikombe cha buluu mbele ya watu wote, na mama yangu anatuuliza kama haijaganda. Yule mwanamke aliyekuwa ananitazama mpaka nijikague vifungo alikuwa haoni. Haoni kabisa. Na mimi mtoto wake, ambaye nilikuwa nakaa mbele ya uso wake kila Jumamosi na penseli, nikihesabu mikunjo, sikuwa nimeona.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nilimshika mkono nikasema kwa sauti, "Imeganda vizuri, Mama, ni vile wameshangaa utamu," nikachukua kibuyu. Wageni wakapewa chai. Nilimpigia simu binti wa shangazi yangu anayeuza dawa, nikamsomea maneno ya boksi la chaki, akasema haziui, mzee atakuwa sawa. Mambo ya posa yakaendelea, yakaisha vizuri. Mimi nilikuwa hapo kama kiti.

Walipoondoka nilimfuata jikoni. Nikainua mkono mbele ya uso wake.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Ni vyako," akasema. "Si ujihesabie mwenyewe."

"Mama!"

Akakaa kwa kigoda chake. Hakukosea, alikaa katikati sawasawa. Akaniambia jicho la kushoto lilianza kufifia kitambo, akadhani ni moshi, halafu la kulia likafuata. Boma alilijua kwa miguu. Kanisani alisema ni magoti, kwa hivyo watu walimshika mkono bila kuuliza. Jirani anayekamua alijua, lakini Mama alikuwa amemwapisha asiseme.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nalia na nimekasirika, vyote pamoja. "Mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni mtu wa haraka," akasema. "Ningekuambia asubuhi, jioni ningekuwa Kapsoya kwa kochi, natazamishwa televisheni."

Na kusema kweli hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeshaipanga, hapo hapo, nikiwa bado nalia. Tulimpeleka kwa daktari wa macho mjini. Daktari akasema ni presha ya macho, na mwanga uliokwisha toka haurudi. Nilimgombeza yule daktari kana kwamba ni yeye aliuchukua. Halafu nikatandika kitanda Kapsoya. Nikatafuta begi kubwa la nguo za Mama.

Lakini kabla ya ile Jumamosi ya kumchukua, nilifungua kitabu changu. Nikapita rangi za maji, wino, ng'ombe aliyenona, maharagwe. Kila neno alilosema nikalisikia upya, na kila moja lilinishtua peke yake. Hakuwa amenichokoza hata siku moja. Alikuwa ananiambia kile vidole vyake vilipata. Nikafika kwa ukurasa wa kwanza, ule wa penseli, nikapika gundi nzito ya unga wa ngano, nikachukua uzi wa sufu, nikaanza kufuata mistari yangu mwenyewe. Kila mkunjo uzi wake. Kitambaa cha kichwa nikakibandika leso. Vibuyu nikavijaza gundi na majani makavu ya chai mpaka vikafura. Ilikuwa kazi mbaya kuitazama, lakini niliimaliza, nikaiacha ikauke.

Nilifika Kiplombe na kitabu kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine. Begi nikaliweka chini bila kusema, lakini alilisikia. Uso wake ukafunga. Nikamwekea ukurasa mapajani.

Kiganja kikapita juu, kikasimama. Akarudi kwa vidole. Akapata leso ya kichwa, akapata paji la uso, akaanza kufuata nyuzi, mmoja baada ya mwingine. Mkono wake mwingine ukapanda mpaka kwa uso wake mwenyewe, ukawa unafuata vile vile.

"Hii yote ni mikunjo?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Yote hii? Woi!" Alishtuka kabisa, mdomo wazi. "Na hakuna mtu aliniambia nimezeeka hivi! Mlikuwa mnanificha?"

Nilicheka machozi yakinitoka, na yeye akacheka. Halafu vidole vikaendelea. Vikashuka mabegani, mikononi, vikapata kigoda. Vikapata fremu ya mlango upande huu na upande ule. Vikapanda nyuma ya kichwa, vikapata kibuyu cha kwanza, cha pili, akavigusa kama anavihesabu. Akaacha mkono wake hapo.

"Sasa kuna mtu," akasema. Halafu akagonga ukurasa kwa kidole, karibu na mlango. "Na yuko kwake."

Nilikaa naye mpaka chai ikaisha. Jirani akakubali awe analala hapo usiku. Nilirudi Kapsoya na begi tupu.