Boroni Ina Sita

Nikiwa kidato cha pili Ujiji, mwalimu wetu wa kemia hakuwa na vifaa, basi alituagiza tuje na kikapu cha chikichi, matunda ya kukamulia mawese. Alichora alama za atomu mezani kwa chaki, sisi tukapanga chikichi kuzizunguka, kila moja ikiwa elektroni. Alikuwa mwalimu mzuri, tena sana. "Atomu haitulii mpaka ipate nane," alituimbisha. Haidrojeni tu aliiruhusu ibaki na mbili.

Siku moja aliniita nipange boroni na florini tatu. Boroni ina elektroni tatu za nje. Nikaziweka, kisha kila florini nayo ikachangia moja. Kuizunguka boroni zikawa sita.

"Hujamaliza," akasema. "Ongeza mbili."

"Nizitoe wapi, Mwalimu?"

"Kikapuni si zipo?"

"Kikapuni zipo. Boroni ndiyo haina. Imeshatoa zote."

Darasa likacheka. Mwenzangu wa dawati, ambaye kwao ni Burundi, akaninong'oneza, "Ceceka!" Yaani ninyamaze. Mwalimu akachukua mbili, akaziweka mwenyewe. Nikaziondoa. Vidole vilikuwa vimelowa mafuta na zikawa zinateleza, lakini niliziondoa.

Akanitoa nje, na kuniamuru kesho yake niombe radhi mbele ya darasa.

Nyumbani mama aliniuliza, "Umemtukana?"

"Sijamtukana."

"Basi omba radhi kwa ulichokosea tu. Usizidishe."

Asubuhi nikasimama mbele. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba radhi kwa kuondoa ulichokiweka kwa mkono wako. Lakini boroni ina sita, na ukiniuliza tena nitasema sita."

Nilingoja fimbo. Alinitazama, akasema, "Kaa."

Kipindi kilichofuata aliingia na kitabu kinene cha kidato cha sita. Akaandika ubaoni: boroni katika florini tatu, sita. Fosforasi katika klorini tano, kumi. Salfa katika florini sita, kumi na mbili.

"Andikeni," akasema, kanipa mgongo. "Wapo wasiofika nane, na wapo wanaopita."

Hakusema kwamba nilikuwa sahihi, wala sikumdai aseme. Niliandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. Mpaka leo, mtu akiniambia binadamu hatulii mpaka atimize kile walichotimiza wenzake, humuuliza: nani kakwambia?