Tachpadi Zilipogoma, Walimuulizia Manka

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Karakana alinikabidhi kipanya cha zamani, kile chenye gololi tumboni, akaniambia nikisafishe. Karakana yetu ya kompyuta ilikuwa Moshi mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Niliisugua gololi mpaka ikang'aa. Nilipoinua kichwa nimwonyeshe Meneja, nikamkuta kwenye meza ya pili akimsifu msichana aliyeanza kazi asubuhi ileile pamoja nami. Jina lake Manka. Alikuwa amesafisha kipanya chake, kisha akamwita mteja mwenye kipanya aje akijaribu. Nawaambia ninyi mnaoingia kwenye ufundi huu leo: wivu wangu ulianza kabla ya chai ya saa nne, na haujaisha.

Nilipoiva kidogo nilipelekwa tawi la Holili, mpakani, chini ya Msimamizi wa Tawi, mzee mkali aliyeziita kompyuta za wateja "mashine zangu". Kule kazi ilikuwa vumbi la malori. Kutoka hapo nikahamishiwa Tarakea, nilikojifunza kuitambua chaja itakayoua betri kwa kuishika tu mkononi. Manka hakupelekwa popote. Meneja alisema wateja wa mjini wamemzoea. Mimi nadhani nilikuwa nimezoewa na vumbi.

Niliporudi Moshi, kompyuta za mezani zilikuwa zimepungua na ugonjwa mkubwa ulikuwa tachpadi, yaani kile kibao unachoteleza kidole ili kusogeza mshale. Ugonjwa huu una msimu wake. Mchagga akiwa Dar hana muda. Mashine ikimwomba apdeti, yaani isasishe programu zake, anaiahirisha mwaka mzima. Desemba anapanda nyumbani, anatulia kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, mkononi, mashine inamwomba tena, naye kwa furaha ya sikukuu anakubali. Asubuhi mshale hausogei. Hapo familia nzima inaamua kwamba mbege imemwagikia ndani, na laptop inaanikwa kwenye kichanja pamoja na kahawa. Nimezipokea nyingi za namna hiyo, zina joto kama viazi vya majivuni na hazina tone la mbege.

Utaratibu wangu ulikuwa safi, na bado nausimamia. Unachomeka kipanya cha nje ili upate mshale wa kufanyia kazi. Unatazama kama mteja hajaizima tachpadi kwa kitufe kile cha juu ya kibodi, maana hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Kama sivyo, unaingia kwenye orodha ya vifaa unaitafuta draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na kifaa. Mara nyingi apdeti imeiondoa draiva iliyokuja na mashine na kuweka nyingine. Unairudisha ya zamani, unawasha upya, basi. Bisibisi ni ya mwisho. Ila ukiona tachpadi yenyewe imetuna, izime mashine na usiichaji, kwa sababu huenda betri imevimba chini yake.

Manka alifanya hayohayo. Nasema hayohayo! Tofauti ni kwamba alimpa mteja kiti, akammiminia kahawa ya chupa, akamuuliza kwa Kichagga habari za kwao, mavuno, nani kaoa. Katikati ya maongezi alipenyeza swali lake moja: "Jana jioni mashine ilikuomba nini?" Na hakurudisha laptop mpaka mwenyewe ausogeze mshale kwa kidole chake. Mimi nilimaliza mbili yeye akiwa kwenye moja. Hata hivyo, mteja akifika mlangoni, kabla hajasalimia vizuri: "Manka yupo?"

Mwaka ambao Meneja alikuwa anastaafu, ilibidi amtaje Fundi Mkuu. Niliutaka ukuu ule, tena niliutaka sana. Desemba hiyo Mkuu wa Shule moja ya Rombo alileta laptop yenye tachpadi iliyogoma. Niliirudisha draiva, akaenda zake. Kesho yake huyo, karudi. Mfumo ulikuwa umeivuta tena draiva ileile mbaya. Nilijua dawa: unauzuia mfumo usijichagulie draiva wenyewe. Nikanyoosha mkono.

Akaivuta laptop kifuani. "Samahani, fundi. Namsubiri Dada Manka."

Manka akaja akafanya kilekile nilichotaka kufanya, Meneja amesimama mlangoni anatazama. Wiki iliyofuata Manka akatajwa Fundi Mkuu. Meneja aliniita pembeni: "Severini, wewe unatengeneza mashine. Manka anamtengeneza na mwenye mashine."

Iliniuma, na inaniuma nikiandika. Nikaacha kusema na Manka. Salamu tu, tena ya nusu mdomo. Ikaenda hivyo mpaka asubuhi moja akaweka jani la isale juu ya meza yangu. Kwetu isale ndiyo inayopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na anayekujia na jani lake anaomba radhi, huwezi kumkatalia.

"Kosa langu silijui, kaka," alisema. "Lakini naliombea msamaha."

Nilisamehe, ningefanyaje? Lakini niliona wivu upya, kwa sababu jani lile nilipaswa kulileta mimi. Hata kwenye msamaha alinitangulia.

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sikujinyonga, nilistaafu. Sasa niko Marangu na migomba yangu. Nimewaza sana ni nini watu waliona kwa Manka wasichokiona kwangu, na jibu nalijua tangu kipanya cha kwanza, ila sikulipenda.

Juzi alipanda mama mmoja, mfanyabiashara wa Tarakea, laptop kwapani.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye Fundi Severini?"

"Marahaba. Ndiye."

"Nimekutafuta wewe hasa. Nimekubali apdeti, tachpadi imekufa."

Nilimwita mke wangu atoke jikoni aje asikie. Kisha nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, nani kamwelekeza.

"Fundi Mkuu wa pale Moshi, Dada Manka. Kasema kwa tachpadi yeye anakuja nyuma yako."

Miaka yote ile nilisubiri mtu mmoja aniulizie kwa jina, na alipokuja, ametumwa na Manka! Mke wangu alikuwa ananitazama. Mgeni bado alikuwa amesimama.

Nikamvutia kiti. Nikaomba kahawa iletwe.

"Haya, mama," nikasema. "Jana jioni mashine ilikuomba nini?"