Siku Kompyuta Yangu Ilipoongea Mbele ya Jeneza

Niseme aibu yenyewe kwanza, maana nikianza kuzunguka nitapata pa kukimbilia, na nimekimbia miaka ya kutosha: mimi ndiye niliyesababisha mwanamke asiyejulikana na mtu yeyote pale aongee Kiingereza mara tatu ndani ya kanisa letu, mbele ya jeneza la Mama Astrida, aliyenifundisha muziki, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Mkitaka kucheka chekeni, wengi walicheka (baadaye, nyumbani kwao, nina hakika). Mimi ndiyo kwanza siku hizi naweza kuielezea bila kuinamisha kichwa.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya migodi ilipoanguka na kuuangusha mji wote pamoja nayo. Bomba la kiwanda lilikuwa halitoi moshi, posho ya unga ilikatika, akina baba waliamka alfajiri kwa mazoea, wakaoga, wakavaa, kisha wakaketi kibarazani bila pa kwenda. Na sisi kwenye kwaya kila Jumapili tulihesabu nani hayupo: huyu amepanda treni kurudi kwao kaskazini, yule amevuka mpaka wa Mokambo kujaribu maisha Zambia, mwingine tumemzika wenyewe juma lililopita. Tulikuwa kwaya ya kujaza mabenchi sita, tukabaki watu kumi na mmoja, na kati yetu watatu hawakuwahi hata siku moja kukubaliana juu ya noti ya kuanzia.

Mama Astrida ndiye aliyetuongoza sisi kumi na mmoja. Mume wake, Papa Ilunga, alikuwa mtu wa reli, fundi wa vichwa vya treni, mpole, haongei sana. Mimi nilikuwa binti wa jirani tu, Béa, aliyeletwa pale na vidole vyake, na kazi yangu ilikuwa kupiga synthé, ndicho kinanda chetu cha umeme. Padri mmoja alituachia aliporudi kwao Ulaya. Kilikuwa kizito, cheusi, kimoja cha vitufe vyake kimefungwa plasta, lakini kilikuwa na uvumilivu ambao sijauona kwa binadamu: umeme ukikatika tulikiunga kwenye betri ya gari, kikaendelea kama hakuna kilichotokea. Na kilikuwa na kumbukumbu. Ukipiga mdundo kwa vidole, ukauhifadhi kwenye namba, unaukuta palepale hata baada ya mwaka.

Sasa kwenye kwaya yetu kulikuwa na desturi moja. Kila mwanakwaya, akiwa mzima, anachagua wimbo wake wa kutokea, yaani wimbo utakaoimbwa jeneza lake likitoka kanisani. Wengine walichagua nyimbo za kitabuni. Mama Astrida alitunga wake, na mdundo wake aliupiga mwenyewe kwenye synthé, vidole viwili, alasiri moja mvua ikinyesha, mimi nimekaa kando yake. Ulikuwa mdundo wa wanawake wa kwao wakitwanga wawili wawili kwenye kinu kimoja, huyu akipanda yule akishuka, na pigo la mwisho lilichelewa kidogo, kila mara, mpaka ukadhani halitakuja. Tukauhifadhi kwenye namba arobaini na saba. Aliniambia nisiuguse tena mpaka siku yake. Nikacheka, nikamwambia siku yake iko mbali.

Halafu akaanza kuugua, figo, na mimi nikaanza ujinga.

Binamu yangu Trésor alikuwa anasoma Kasapa, chuo kikuu, au tuseme alikuwa ameandikishwa, maana maprofesa walikuwa kwenye mgomo na yeye alikuwa anatengeneza muziki kwenye kompyuta chumbani kwake. Akaniita nisikilize. Alibonyeza kitufe kimoja, zikatoka sauti za kwaya nzima, soprano, alto, besi, watu kama sitini wakiimba “aaa” pamoja. Jamani, niliposikia zile besi nililia. Nilidhani wamerudi wote waliokwenda. Trésor akaona machozi, akajua nimeshanaswa, akasema synthé ni chuma tu, inajua sauti ilizozaliwa nazo basi, lakini kompyuta ni okestra nzima na kila mwaka inajifunza kitu kipya. Akapendekeza tubadilishane: nimpe synthé, anipe kompyuta moja kati ya mbili alizokuwa nazo, pamoja na programu zake.

Nilikubali siku ileile. Sikuuliza kwaya, sikumuuliza Mama Astrida (angekataa, ndiyo maana sikumuuliza). Nilijiambia kwamba nitawashangaza. Ule mdundo wa namba arobaini na saba haukunitia wasiwasi, kwa kuwa niliujua kwa kichwa, ningeupiga upya kwenye kompyuta na ungekuwa msafi zaidi.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Programu ya zile sauti ilikuwa ya kuonjesha, ya mwezi mmoja tu, na mwezi ule ulikuwa umekwisha zamani. Trésor alikuwa anaidanganya: kila asubuhi, kabla ya kuifungua, anarudisha nyuma tarehe ya kompyuta mpaka siku aliyoiweka, nayo inaamini. Usiposahau hilo, alisema, utaimba nayo maisha yote. Nikasema nitasahauje jambo jepesi hivyo.

Nikabeba kompyuta mpaka kwa Mama Astrida, nikaiunganisha kando ya kitanda chake kwa fahari. Alikuwa amekonda, mikono imebaki mifupa. Nikamwekea wimbo wake wa kutokea, mdundo umepigwa upya, kwaya ya watu sitini nyuma. Sasa, programu ile ina tabia moja: kila pigo unalopiga inalichukua na kulinyoosha, inaliweka sawasawa kwenye mstari wake, hata kama wewe ulitaka lichelewe. Mimi niliona ndiyo uzuri wenyewe. Mama Astrida alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa.

“Iko muzuri, mutoto wangu,” akasema. “Lakini mie siko mule.”

Nikaanza kumweleza habari za mapigo na mistari, naye akangoja nimalize, kisha akaniuliza taratibu, “Na synthé yetu iko wapi?”

Hapo ningeweza kusema kweli. Nafasi ilikuwepo, chumba kilikuwa na watu wawili tu. Nikasema, “Iko kwa réparation, Mama,” yaani iko kwa fundi, inatengenezwa. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji.

Alifariki wiki tano baadaye. Kilio kilikuwa kwao, siku tatu, wanawake wamelala kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti vya kuazima, na sisi wanakwaya kumi na mmoja tukiimba mpaka sauti zikakwaruza. Papa Ilunga alinijia mara moja tu akaniuliza kama wimbo wa mke wake uko tayari. Nikamjibu uko tayari. Kwaya nayo nikaipa maagizo ya kipumbavu ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujipiga kofi: imbeni polepole, nyie pumzisheni koo, mashine itajaza.

Asubuhi ya mazishi umeme haukuwepo. Synthé ingetaka betri ya gari tu, lakini okestra nzima ilitaka jenereta. Nikakimbia kwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye magari ya mizigo na moyo mzuri, akatutolea yake na akaja nayo mwenyewe. Ikagoma kuwaka. Tukavuta kamba, tukabadilisha plagi, tukavuta tena, na ilipokubali jeneza lilikuwa limeshafika mlangoni na padri ameshavaa. Nikawasha kompyuta, nikaifungua programu moja kwa moja, nikashukuru Mungu. Tarehe sikuigusa. Wala haikunipitia kichwani.

Misa ikaenda vizuri. Kisha padri akanyunyiza maji ya baraka, wanaume sita wakainama kushika jeneza, Papa Ilunga akasimama nyuma yao, nami nikabonyeza. Sauti sitini zikajaa kanisa mpaka kwenye mabati. Watu waligeuka kutafuta kwaya hiyo imeketi wapi, na mimi (nisamehewe) nilijisikia mkubwa.

Ndipo muziki ukazama, na ndani ya spika mwanamke akaongea kwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa safi, ya upole, ya mtu aliyekunywa chai na hana tatizo lolote duniani, na kwa kuwa spika nilikuwa nimezifungulia hadi mwisho alisikika mpaka barabarani. Akamaliza, muziki ukapanda tena. Wabeba jeneza wakatazamana. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, na baada ya mistari miwili akarudi kwa maneno yaleyale. Kwenye benchi la tatu watu walikuwa wanamuuliza Mama Furaha, ambaye alijua Kiingereza kwa sababu ya kufuata mizigo Zambia, huyu anasema nini, naye, mtu asiyejua kunong’ona, akawajibu:

“Anasema hii iko ya kujaribisha tu.”

Neno likapita benchi kwa benchi. Mzee mmoja akauliza kitu gani kinajaribishwa, mazishi au nini. Kijana mmoja nyuma akaguna kicheko, akapigwa kiwiko. Mara ya tatu alipoanza kuongea niling’oa waya wa umeme, na zile sauti sitini zikafa mara moja, tukabaki sisi kumi na mmoja tukiimba polepole kama nilivyoagiza, sauti nyembamba, bila mdundo, mpaka mmoja akanyamaza, na wa pili, na wote.

Jeneza lilikuwa katikati ya kanisa, mabegani mwa watu. Papa Ilunga aliacha nafasi yake, akatembea mpaka kwangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Béa, acha ile mashini,” akasema. “Leta synthé. Wimbo yake iko mule.”

Nikasema, “Papa, synthé haiko.”

“Iko wapi?”

“Nilibadirisha na hii.”

Akatazama kompyuta, kisha akanitazama mimi. “Lini?”

“Wakati Mama alikuwa angali mugonjwa.”

Kanisa zima lilikuwa linasikiliza, hata watoto. Papa Ilunga akasema kwa sauti ndogo, lakini palikuwa kimya kiasi kwamba hakuna aliyeikosa:

“Kila siku aliniulizaka kama réparation inaisha. Kila siku. Mpaka ile ya mwisho.”

Akarudi nyuma ya jeneza, akawaashiria waende. Mama Astrida, aliyesindikiza watu wangapi sijui kwa nyimbo zao, alitoka kanisani kwa sauti ya viatu na jenereta ya Mama Furaha inayonguruma nje. Sikwenda makaburini. Nilibaki nimeinamia nyaya nikijifanya nazikunja.

Siku tatu baadaye nilimfuata Trésor. Alikuwa ameshampa synthé mpiga muziki wa baa moja ya Kipushi, nikapanda gari nikaenda, na kweli nikaikuta, plasta yake bado iko. Mwenyewe alikuwa mtu mwema, akaniwashia bila maswali. Nikatafuta namba arobaini na saba, nikabonyeza, kikatoka ki-rumba cha kiwandani, cha furaha, cha kuonyeshea wateja dukani. Akanieleza kwamba alipoipokea ilikuwa imejaa vitu vya watu asiowajua, kwa hiyo alifuta vyote. Akaona uso wangu, akaizima mwenyewe.

Nikaenda kwa Papa Ilunga nikamwambia yote, safari hii bila kuruka neno. Alinikaribisha kiti. Akasema labda tuutafute sisi wenyewe, akaanza kugonga meza kwa vidole viwili, nami nikagonga upande wangu, yeye akipanda mimi nikishuka. Tulijaribu muda mrefu. Yeye alikuwa ameusikia mara chache tu, na alinitegemea mimi. Na mimi, niliyeupiga na kuunyoosha na kuusikiliza kwenye kompyuta wiki tano mfululizo, kila nilipofika kwenye lile pigo la mwisho mkono wangu ulishuka sawasawa, kwa wakati. Lile la kuchelewa halikuwepo tena kichwani mwangu. Papa Ilunga aligundua kabla yangu, akaacha kugonga, akanishika mkono akautuliza juu ya meza.

Leo nafanya kazi kwa kompyuta, nisiwadanganye, ndiyo inayonilisha, na sina ugomvi nayo, haikumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi, kwa maneno matatu tu kando ya kitanda. Mtu akiwa mgonjwa akaniuliza kitu chake kiko wapi, hata kama kimepotea, hata kama ni mimi niliyekipoteza, nimeapa kumwambia. Afadhali anikasirikie akiwa hai, kuliko kulala akingoja.