Njia ya Kidole Barazani

Siku ya kwanza nilipoingia Boma kuwa mkalimani, Bwana Shauri, yule Mdachi aliyeamua kesi, aliniambia, "Ukiongeza neno lako, kiboko." Kazi ilikuwa kuchukua Kinyakyusa cha watu na kumpa yeye Kiswahili, kisha kuwarudishia jibu. Niliiona nyepesi. Kumbe mwenye hofu hasemi, na mwenye hasira husema yasiyofasirika.

Mama yangu alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa ufukweni mwa ziwa. Nilimwomba anifinyangie bamba la udongo lenye mfereji mwembamba unaojizungusha kutoka ukingoni hadi katikati. Tuliliita njia ya kidole. Wagomvi walipofika, kila mmoja alipitisha kidole polepole, akimaliza akamkabidhi mwenzake. Pumzi zilitulia, wakaanza kusemezana. Akida, msimamizi wetu wa vijiji, alinicheka: "Watu wazima unawachezesha?" Na acheke, kelele barazani zilipungua.

Kisha banda la mpunga la Boma likaungua. Askari walimkamata mzee wa Bujonde aliyewahi kugombana na Akida. Adhabu ilikuwa mnyororo hadi pwani, na waliopelekwa huko hatukuwaona tena. Mzee alisema jioni ile alikuwa kitandani na homa. Mkewe alikuwa msibani, mwanawe upagazini. Nyumbani alibaki mkamwana peke yake, mke wa huyo mwana. Na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hataji jina lake, wala hasemi mbele yake. Chakula humwachia mlangoni akajificha.

Alipoitwa barazani kutoa ushahidi, mkamwana alijifunika uso, akageukia ukuta.

"Anaficha nini?" Bwana Shauri alifoka. "Aseme, au mzee anaondoka leo!"

Nilimweleza mila yetu. Akakataa kumtoa mshitakiwa, ila akakubali mwanamke akae nje, nyuma ya ukuta wa mianzi. Nilimfuata nikampakatisha bamba. Kidole kilikwama, kikarudi, kikakwama tena. Ndani, askari walikwisha kuleta mnyororo. Nilimchukia yule Bwana, kweli nilimchukia.

"Mama, waache hao," nikamwambia. "Wewe fuata njia."

Kidole kilipofika katikati, akalinong'oneza bamba: "Nilimsikia akikohoa ndani tangu jua linazama mpaka watu walipopiga yowe la moto. Hakutoka."

Nilirudi ndani nikafasiri. Bwana Shauri alinituma kumuuliza tena, jibu likawa lile lile. Mzee akafunguliwa.

Uani alinishika mkono, machozi yakimtoka. "Miaka yote ananipikia, leo ndiyo nimeisikia sauti yake, kupitia mianzi. Mwambie ndaga fijo, namshukuru sana." Halafu akanivuta. "Hapana, usimwambie. Akijua nilimsikia, ataona haya maisha yake yote."

Vita vilipowaondoa Wadachi, nilirudi kulima. Yule mkamwana nilikutana naye sokoni mara nyingi, nikaitikia salamu zake tu, moyo ukiniuma. Sasa wote wawili wamezikwa, ndiyo maana nathubutu kusema: alishukuriwa.