Mji Ambao Mkaguzi Hakuwahi Kuupima

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikupunjwa hata punje ya mchele. Anayedhani hiyo ni bahati hajawahi kuolewa na mkaguzi.

Nikiingia sokoni, habari zangu zilikwisha kunitangulia. Wauza nyanya walikata maneno. Kilo yangu ilikuwa kilo na robo, imefungwa vizuri, nakabidhiwa kwa mikono miwili, na hakuna aliyeniuliza watoto hawajambo. Nikitaka kubembeleza bei, bei inashuka kabla sijafungua mdomo. Mwanamke mwenzangu akipita nyuma yangu anataniwa, anaitwa shemeji, anapunjwa, anagundua, anarudi kugomba, kisha wanacheka wote mpaka wanashikana mabega. Mimi nachukua changu naondoka. Tulikaa katika miji tisa kwa sababu ya uhamisho wake, na katika yote tisa hodi iliyopigwa mlangoni kwetu ilikuwa ya mtu aliyepotea njia.

Yeye mwenyewe si mtu mbaya, ila ana kasoro moja: hawezi kuona kipimo akakiacha. Binti yetu alipozaliwa, muuguzi alimlaza mtoto kwenye mizani, na badala ya kuuliza kama mimi na mtoto tu wazima, bwana huyu akauliza mizani ile ilikaguliwa lini. Muuguzi alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Soda ya mfanyabiashara hakuinywa hata siku moja. Kwenye arusi za watu alikuwa akiinua pakiti za sukari mkononi, moja moja, anatikisa kichwa, na mimi nageukia ukutani.

Alipostaafu tulitandaza ramani kwenye meza ya kulia chakula ili tuchague pa kumalizia uzee. Binti yetu alikuwa ametutayarishia chumba cha nyuma nyumbani kwake, kati ya mashine ya kufulia na baiskeli mbovu, na alikwisha kununua mapazia. Nampenda mwanangu, lakini sikutaka kuzeeka kama mgeni. Nilitaka mlango wangu, jiko langu, na jirani wa kuniazima chumvi.

Nikaweka kidole kwenye mji wa kwanza. "Huku je?"

"Huku nilifunga maduka manne," akasema.

"Na huku?"

"Huku nilikamata mizani kumi na nane kwa siku moja."

"Na hapa palipo na ziwa?"

Akakohoa. "Hapo walinipasulia magurudumu. Yote."

Kidole kikatembea mpaka kikaishiwa nchi kavu. Pale ukingoni kulikuwa na mji mdogo wa pwani, jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo hata miwani yangu ilipata taabu. Nikauliza tena. Akasema pole pole kwamba huko hajawahi kukanyaga, kwani mji ule ulikuwa chini ya ofisi ya mkoa mwingine. Hakuna anayemjua huko.

Basi mji niliuchagua hivyo. Wengine huchagua upepo na mandhari. Mimi nilichagua mahali ambapo mume wangu hakuwa amemkera mtu.

Nikampa sharti moja kabla hatujafunga hata sanduku: huko tutakuwa watu tu. "Hutashika mizani ya mtu," nikamwambia. "Wala hutaitazama."

"Kushika sitashika," akasema. "Kutazama je, mke wangu? Macho nayo niyafunge?"

"Yafunge. Yasipofungika, tunakwenda kulala na baiskeli."

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba viwili, baraza la saruji, na jiko lenye dirisha linalotazama uchochoro. Chumvi ilikuwa imekula bawaba zote, kila mlango ukilia kwa sauti yake, nami kwa kuzisikia nilijua mume wangu yuko chumba gani. Mtaa wenyewe ulikuwa mfupi: ukitoka posta kwenda banda la samaki unawahi kurudi kabla chai haijapoa. Wiki ya kwanza, mke wa fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja kuazima ngazi. Wiki ya pili alikuja kurudisha ngazi akakaa mpaka saa sita. Wiki ya tatu alikuja bila ngazi. Alipoondoka siku hiyo nilisimama jikoni nikacheka peke yangu, maana nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na ndiyo kwanza nimepata shoga.

Tulikula raha hiyo kwa wiki saba.

Jumamosi moja asubuhi tulikwenda bandani pamoja, yeye kabeba kapu, mimi natangulia. Muuza samaki wetu alikuwa bwana mmoja mnene aliyeitwa Nahodha, ingawa bahari humtapisha na samaki huletewa na wavuvi. Tulipofika, watu walikuwa wamemzunguka, na katikati ya watu hao, mikono kiunoni, alikuwa shoga yangu.

"Wiki iliyopita kilo moja samaki wanne!" alikuwa akipiga kelele. "Leo kilo moja samaki watatu, na samaki ni wale wale! Umeleta mizani ya wizi!"

"Mama, mizani hii nimeinunua jana," Nahodha akasema. "Tazama, hata karatasi yake sijaibandua."

"Ndiyo maana! Umeona ile ya zamani haiibi vizuri!"

Watu wakaguna. Mmoja akasema hata yeye kilo yake ya leo imemshangaza. Mwingine akamwita Nahodha mwizi, waziwazi, na neno likishatoka hivyo linapata wapokezi. Nahodha akashika kingo za meza yake ya saruji.

Nyuma yangu nikahisi pumzi ya mume wangu imebadilika. Nikamkamata mkono wa koti bila kugeuka.

"Mke wangu," akaninong'oneza, "yule mtu haibi."

"Nyamaza."

"Wanamwita mwizi, naye haibi."

Naijua sauti ile. Ndiyo sauti iliyotunyima majirani katika miji tisa. Nilitamani kumvuta nimrudishe nyumbani, nimfungie chumbani, bawaba zilie zitakavyo. Lakini nilikuwa nikimtazama Nahodha, mtu mzima, machozi yamemlengalenga mbele ya wateja wake, na mtu pekee katika mji ule aliyeweza kumtoa pale nilikuwa nimemshika mimi. Mkono wangu ukaona haya kabla yangu. Nikamwachia.

Akapita katikati ya watu akisema samahani, samahani. Akatia mkono mfuko wa kulia wa koti akatoa jiwe la mizani, lile la kilo moja, la shaba, linang'aa. Hapo ndipo nilipojua kwa nini wiki zote zile, na joto lote lile, bwana huyu hakutoka bila koti, na kwa nini koti lilikuwa limelalia upande mmoja.

Akaliweka jiwe kwenye sinia ya mizani mpya. Mshale ukapanda ukasimama kwenye moja, sawasawa kabisa. "Hii haina kosa," akasema. "Ile ya zamani iko wapi?"

Nahodha akaivuta chini ya meza, ndani ya beseni. Mume wangu akaitundika, akaweka jiwe lile lile. Mshale ukapanda, ukapanda, ukakwama kabla haujafika. Akaigonga kwa kidole kimoja, tap, mshale ukaruka ukatua kwenye moja.

"Kutu," akasema. "Chumvi imeingia kwenye meno ya ndani. Kilo ikiwa imeshatimia, yenyewe inasema bado. Na wewe unaongeza samaki."

"Kwa muda gani?" Nahodha akauliza.

Mume wangu akachungulia ndani. "Kwa kutu hii? Mwaka."

Nahodha akakalia sanduku la barafu. "Mwaka mzima nawalisha bure," akasema, "halafu mimi ndiye mwizi!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Shoga yangu akawatazama samaki wake watatu, akamtazama Nahodha, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mimi nipimie kwa ile ya zamani." Kicheko kikapasuka upya, na hata Nahodha kikamchukua, tumbo likitikisika. Kwa dakika moja nilidhani tumepona.

Ndipo muuza viazi wa meza ya pili akauliza, "Mzee, jiwe hilo umelipata wapi?"

Mume wangu hajui kusema uongo, hajawahi kujifunza. "Nilikuwa mkaguzi wa mizani," akasema.

Kicheko kikakatika. Muuza viazi akachukua kitambaa akakitupia juu ya mizani yake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula. Kitambaa kile nilikijua. Nilikiona katika miji tisa. Tukarudi nyumbani bila samaki.

Sikulia. Nilikasirika, maana hasira inanipendeza zaidi. Nilimwambia kila kitu: koti, jiwe, wiki saba za kunidanganya. Alikaa ukingoni mwa kitanda na jiwe lake mapajani, akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Niliogopa kuliacha," akasema. "Kule ofisini walinipa keki na saa ya ukutani, wakaniambia kwaheri. Nisipokuwa na hili mfukoni sijui mimi ni nani."

Nilimpigia simu binti yetu nikamuuliza mapazia yake ni ya rangi gani. Akasema ya maziwa. Nikamwambia nitampa jibu Jumatatu.

Jumapili asubuhi nilikuwa nakunja shuka, sanduku liko wazi kitandani, nikasikia hodi. Barazani alisimama Nahodha, amekumbatia gunia.

"Mkaguzi yupo?"

"Yupo," nikasema.

"Mwambie nimemletea mgonjwa," akasema, akafungua gunia, na ndani mlikuwa na mizani yake ya zamani. "Mpya nimeipenda, lakini hii ni ya marehemu baba. Nimefikiri, yule mzee aliyeniponya mimi huenda akaiponya na hii."

Mume wangu alitoka na fulana. Walikaa barazani, wakaifungua ile mizani, wakaisugua meno kwa mswaki wangu wa zamani na mafuta ya taa. Nahodha alikunywa vikombe vitatu vya chai na kusimulia anavyotapika hata akipanda boti ya watalii. Kabla hajaondoka, muuza viazi akaja, ameshika yake kwa kitambaa kile kile. Hakuniangalia usoni. "Naona na yangu inakwamakwama," akasema. Nikamkaribisha kwenye mkeka nikaenda kuongeza maji kwenye birika, na nilipofika jikoni nikatoa vikombe vyote tulivyokuwa navyo. Miaka yote ile mume wangu ndiye aliyewabishia watu hodi. Hakuna aliyekuwa amejaribu kugeuza, aje kubisha kwake.

Jioni nilimpigia mwanangu. "Mapazia yakate uwashonee watoto foronya," nikamwambia. Akacheka, nadhani naye alishusha pumzi.

Baraza letu siku hizi halina nafasi. Kuna mizani ya duka la vifaa, ya muuza unga, hata ya zahanati ya kupimia watoto, ambayo muuguzi aliileta mwenyewe, na mume wangu akanitazama kwa jeuri kama aliyeshinda kesi ya miaka thelathini. Koti amelitundika nyuma ya mlango.

Mtu mmoja tu mjini hajaleta yake: mama muuza vitunguu wa kona ya posta. Hataileta. Jana nilikwenda kwake, akaniita mke mwenza, akaniuliza bwana wetu hajambo. Nikataka anipunguzie, akasema mimi ni bahili wa kuzaliwa, nikasema vitunguu vyake vina umri kunishinda mimi. Alipokuwa akipima, kidole chake cha mwisho kilipumzika kwenye sinia kwa upole kabisa. Nilikiona. Tuligonganisha viganja, tukacheka, nikaondoka na mfuko wangu, na njia nzima nilikuwa najisikia msichana.

Nyumbani mume wangu alinipokea mfuko. Akauinua mkononi mara moja tu, jicho kalifumba nusu.

"Gramu mia na hamsini hazimo," akasema.

"Najua."

Nikasubiri. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni na mfuko wa vitunguu, anawaza, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumzuia.

"Kesho nitakwenda mimi," akasema.

"Kufanya nini?"

"Na mimi anipunje kidogo."