Siku Niliyomwombea Marehemu Akaitikia

Naomba nianze mwenyewe kabla hamjaanza ninyi, maana nimeshachoka kusikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Kila harusi, kila ubatizo, mtu ananitupia jicho, anamnong'oneza mwenzake, na mwenzake anaziba mdomo kwa kanga. Ndiyo, ni mimi. Mimi Mwalimu Felista, mstaafu, mjane, mwenye miguu inayovimba, ndiye niliyesimama mbele ya watu kule Kibosho nikamwombea raha ya milele mtu aliyekuwa amekaa nyuma yangu anakunywa uji.

Yote yalianza kwa wema, na mambo yangu mengi yanayoharibika huanza hivyo hivyo. Desemba mnajua wenyewe watu wetu wanavyorudi kutoka Dar, magari yamejaa barabarani, kila mtu anataka nyama na mbege na kupiga picha migombani. Sasa Mama Brayani (tulisoma naye, siku hizi ana gari refu na simu mbili) akaja kwangu mjini akasema kikundi chao kimekaa kikaona hata wao wenyewe wamesahau kwao, basi wewe Mwalimu uliyefundisha historia miaka yote hiyo, tuzungushe siku moja utuonyeshe makaburi ya watu mashuhuri wa Moshi, wenzetu wa miji mingine wanafanya hivyo. Nikakubali hata kabla hajamaliza, kwa sababu tangu nistaafu hakuna mtu aliyeniomba nimfundishe kitu chochote.

Tulianzia makaburi ya mjini asubuhi. Pale ninapajua: yupo fundi wa reli aliyetoka mbali akafia hapa, upande wa Waislamu yupo fundi cherehani wa Majengo ambaye kanzu zake zilivaliwa mpaka Arusha, yupo na mlowezi mmoja wa kahawa ambaye jiwe lake limeota kuvu hata jina halisomeki. Lakini ziara ikaisha upesi, na mzee mmoja mstaafu wa benki, mpole, mwenye kofia ya jua, akauliza mbona watu wetu hawapo. Ikabidi nimweleze jambo ambalo alipaswa kulijua, kwamba Mchagga mwenye kihamba chake, shamba la ukoo, hazikwi mjini, anarudishwa nyumbani, anazikwa migombani nyuma ya jiko, karibu na mama yake. Ukitaka kuwaona watu wetu mashuhuri waliolala, huna budi kuingia nyumbani kwa watu.

Na kuingia nyumbani kwa watu huku kwetu ni kazi. Unapiga hodi, unaamkia, unakaa, unaulizwa habari za watoto mmoja mmoja, unaletewa chai, unaletewa mtori, na ukikataa umetukana ukoo. Tukapanda Kibosho, tukaanza kwa yule mkunga aliyezalisha karibu kata nzima (Mungu amrehemu, hata mimi nilipitia mikononi mwake), tukala. Tukaenda kwa bwana aliyeleta ng'ombe wa kwanza wa maziwa kijijini, tukala tena. Ilipofika zamu ya Mzee Kanuti, viatu vilikuwa vimenibana, tumbo limejaa, jua limepanda, na nilichotaka ni kulala.

Mzee Kanuti alikuwa katekista wetu na mwalimu wa kwaya. Wengi wenu mnajua alivyofundisha watoto kusoma kwa kuandika na mkaa kwenye ukuta wa stoo yake ya kahawa, na waliotoka kwenye ule ukuta wamekuwa mapadre na madaktari. Mimi alinifundisha sala zote, na sikio langu la kushoto linamkumbuka vizuri. Habari niliyokuwa nayo juu yake ilikuwa moja tu. Miezi kadhaa nyuma, sokoni, mwanamke mmoja wa kule juu aliniambia kwamba Mzee Kanuti amejengewa kaburi zuri sana la marumaru. Sasa ninyi ni watu wa huku, niambieni, mtu akikuambia fulani amejengewa kaburi, wewe unaelewa nini? Kwetu mtu anazikwa, mwaka unapita, watoto wanarudi wanamjengea. Nikajua mzee ameshafariki, na mazishi yamenipita nikiwa nimelazwa na ile presha yangu. Nikaona aibu hata kumwuliza yule mama ilikuwa lini. Nikasema tu, "Tulimpenda sana," nikanunua nyanya zangu nikaondoka.

Kwa hiyo pale kwenye kona ya kwake nilikuwa na mambo mawili yananisumbua, miguu, na ile pole ambayo sikuwahi kwenda kuitoa. Nikiingia kwa mlango wa mbele, nitamkuta Yusta, binti yake aliyebaki nyumbani kumtunza, ataniuliza nilikuwa wapi wakati wa msiba, na kitaletwa chakula. Nikaamua tupite nyuma, tufuate mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani, tutokee moja kwa moja makaburini, tuseme sala fupi, tuondoke. Kosa langu lote liko hapo. Sikupiga hodi.

Kaburi lilikuwa linang'aa, marumaru nyeupe, msalaba, jina lake kamili kwa maandishi meusi, tarehe ya kuzaliwa, na mbele ya neno "Amefariki" pako patupu. Yule mstaafu wa benki akainama akasoma, akauliza, "Mwalimu, mbona tarehe ya kufa haipo?" Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba fundi wa maandishi hajamalizia, na mafundi wetu mnawajua. Wote wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu kweli wanawajua.

Nikaanza hotuba. Jamani, nilisema vizuri, siku ile nilisema kuliko nilivyowahi kusema darasani. Nikaeleza ule ukuta wa mkaa, nikaeleza kwaya, nikaona watu wanafuta macho, na mwalimu akishaona darasa limetulia hajui kunyamaza. Nikaongeza la kwangu. Nikasema alikufa kifo chema, amezungukwa na watoto wake wote, na kwamba mwanawe Deo ndiye aliyemfumba macho kwa mkono wake. Deo ndiye mtoto wake wa kiume pekee, mkubwa wa ofisi huko Dar, na wale wa Dar wote wanamfahamu, nikaona watafurahi kumsikia. Mama Brayani alikuwa anarekodi. Nilipofika hapo akazima simu, akaichezea kidogo, akaitia mkobani ili ashike mshumaa.

Nikainamisha kichwa nikasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Wale wa Dar wakaanza kumung'unya, wengine wamesahau maneno, na hapo ikatoka sauti moja nyuma yetu, ya mzee, imenyooka, ya mtu aliyeitikia sala hiyo maisha yake yote: "Na mwanga wa milele umwangazie."

Nikaendelea (sijui kwa nini niliendelea, mdomo ulikuwa umeshashika njia), "Apumzike kwa amani."

"Amina," ikasema ile sauti. Halafu ikauliza, "Felista, mnamwombea nani?"

Mama Brayani alirudi kinyumenyume mpaka akaingia kwenye mfongo na kitenge chake chote. Mimi niligeuka taratibu kwa sababu shingo haikutaka. Mzee Kanuti alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya masale, ile mimea ya ua wa makaburi, sweta, kofia ya sufu, kikombe cha uji mkononi. Neno pekee lililonijia ni lile alilonifundisha mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nimeuliza mnamwombea nani."

"Wewe, Mzee."

Akaitazama ile mishumaa, akatutazama sisi. "Asanteni," akasema. "Sala haipotei. Ila Deo hakunifumba macho, mwanangu. Deo sijamwona tangu tulipomzika mama yake."

Tangu nizaliwe sijawahi kujisikia mdogo kama pale. Tukapelekwa nyumbani kwa mlango wa mbele, na Yusta akatuletea chakula kile kile nilichokuwa nakikimbia. Aliniambia neno moja tu akiniwekea bakuli: "Mwalimu, si ungepiga hodi tu." Nikatoka nikakata jani la isale, nikapiga magoti, nikampa mzee kwa mikono miwili, kwa sababu kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Akalipokea. Akatueleza kwamba kaburi alijijengea mwenyewe, aliona watoto wana shughuli nyingi, hakutaka wahangaike, na pia alitaka kuchagua marumaru mwenyewe, maana mkewe walimwekea zile za bafuni zenye picha za samaki na amekaa anazitazama miaka yote hiyo. Tukacheka kidogo. Nikadhani yameisha.

Ndipo kengele ya kanisa ikaanza kulia, ile ya taratibu, ya msiba. Mzee Kanuti akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. "Nani huyo amefariki?" akauliza, na bila kungoja jibu akaanza kumwombea. Mama Brayani akatoa simu mkobani, akaiangalia, akakaa chini sakafuni. Ile video alikuwa ameshaituma kwenye kundi la watu wa Kibosho waliopo Dar, imeishia pale ninaposema Deo alimfumba baba yake macho, na kundi likaisambaza hadi kanisani na kwa watu ambao hata hatuwajui.

Kabla hatujajua la kufanya, wanawake wa jumuiya walikuwa wameshafika getini wanalia, kanga kiunoni, na ndizi, na maziwa, na kuni. Wakaja vijana wa turubai, wakaambiwa mzee yupo hai, wakasema sawa, ila nguzo tumeshachimbia, acha likae, mvua inaweza kunyesha. Ikaja na kwaya. Wakamweka Mzee Kanuti katikati, na kila aliyefika alianza kwa kulia, akashtuka, akamwamkia, halafu akampa pole. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mkavu ambaye hajawahi kunipenda, akasimama mbele ya watu wote akauliza msiba huu umetangazwa na nani. Mama Brayani akanitazama mimi. Na mimi, niliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa zaidi ya miaka thelathini, nikasimama nikaeleza mwanzo hadi mwisho, miguu inaniwaka moto, watu wengine wananicheka na wengine hawacheki kabisa. Wasiocheka ndio walioniumiza.

Yusta alimpigia Deo mpaka chaji ikaisha. Hapatikani. Alikuwa ameshaanza safari.

Nililala pale pale, nimeosha masufuria ya msiba usio na maiti. Asubuhi tukasikia gari, na Deo akaingia, suti nyeusi, ameshikwa na wanaume wawili, analia kilio cha kweli, na nyuma yake dereva amebeba mashada ya maua. Akamwona baba yake chini ya turubai na bakuli la mtori. Akapiga magoti. Akamshika mzee miguu akalia upya, na mzee akamwekea mkono kichwani, akasema, "Umefika, baba. Umefika." Nawaambieni ukweli, kwa muda ule nilimshukuru Mungu kwa ujinga wangu. Nilijisemea, kumbe ndiyo maana sikupiga hodi.

Deo akafuta uso, akauliza imekuwaje, nikaonyeshwa kwa kidole. Hakunifokea, heri angenifokea. Alisema, "Mwalimu, unajua nimeacha mambo gani kule?" Akatazama saa. Akala nusu bakuli amesimama, akazungumza na simu akizunguka huku na huku kwenye miti ya kahawa, na kabla ya mchana akaaga kwamba kesho yake ana kikao. Yusta akamwambia lala hata usiku mmoja. Akasema atakuja Pasaka. Mzee akamsindikiza hadi getini na mkongojo wake, na mashada ya maua yakabaki yameegemezwa kwenye mti wa kahawa, hakuna aliyejua ayaweke wapi.

Hapo ndipo nililia mimi. Sikulia kwa aibu, aibu nilishaizoea tangu jana yake. Mzee Kanuti alirudi polepole, akakaa, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokosea sala.

"Usilie, Felista," akasema. "Nilikuwa silali, nawaza kama siku yangu ikifika atakuja. Sasa najua atakuja."

Akamwomba Yusta amletee uji.

Nimeapa sitamwonyesha mtu kaburi tena, la mashuhuri wala la mtu wa kawaida. Mama Brayani amenipigia juzi kuhusu Desemba hii, nimemwambia miguu inauma, na kweli inauma. Pasaka ilipita. Mzee yupo, uji anakunywa, Deo hajaja. Basi ninyi wenye wazazi huko juu nendeni mkawaone, na msingoje mpaka mimi niwatangazie.