Aliitwa Kwingine

Juzi nilikuwa kwenye boma la Wajerumani hapa Arusha, nikingoja cheti changu cha safari, akaingia mzee mmoja wa Kisongo, kibuyu begani. Alikuwa ameitwa asubuhi na Bwana Shauri, Mjerumani msikiliza mashauri aliyekaa meza ya nyuma, na jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Shikamoo, mzee," alisema karani, kijana wa pwani. "Bwana Shauri amekasirika, na kiboko kile pale ukutani. Nimwambie ulikuwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niliitwa."

"Na nani?"

"Na ndege wa asali." Mzee akatikisa ulimi mdomoni, kakakakaka, hata askari wa mlangoni akatazama darini. "Nilimwambia nina shauri bomani. Akarukia mti wa mbele, akaniita tena. Yeye anajua nyuki walipo, mimi nina shoka na moto. Ningemwachaje?"

"Na asali mmegawana?"

"Nimemwachia sega lake juu ya jani. Ukimdhulumu, siku nyingine atakupeleka kwa chui."

Karani akamtafsiria Bwana Shauri neno kwa neno, bila kucheka. Yule bwana akakitazama kibuyu, akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Kisha akapunga mkono: nenda zako.

Kitabuni, penye sababu ya kuchelewa, karani aliandika: "Aliitwa kwingine."

Nilicheka njia nzima, mpaka nilipofika kwangu. Ndege yule akikuita, mnakula wote wawili. Mimi bomani nimeshaitwa mara tatu, na mara zote nimerudi na njaa.